Nyumba Hii Haina cha Kuficha

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba kabla hujanisalimu, maana ukimaliza kusoma huenda usinisalimu tena. Nimekuficha jambo, na nalisema hapa juu kabisa ili usije ukapita ukurasa mzima wa habari za mvua ukadhani kwetu kuzuri. Mwanao hayuko kwenye bwawa la umeme. Hajawahi kufika huko. Barua zile mbili za mshahara mnono na chakula cha bure nilizitunga mimi, hapa hapa kwenye meza ya jikoni, na lile la mbu wakubwa kama shomoro nilijisifu nalo kidogo. Huyo Injinia wetu, kama mtaa unavyomwita, yuko mahabusu tangu Januari.

Sasa salamu. Mimi sijambo, ukiacha moyo, miguu inayovimba na sikio la kushoto ambalo limestaafu kabla yangu. Mshonaji wa ghorofa ya juu anakusalimu kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye plasta, nitakueleza. Salamu pia kwa ndugu yetu wa tatu, Ndugu Mfunguaji, ambaye siku hizi anasoma barua zetu kabla yetu kisha anazifunga kwa utepe wenye maandishi mekundu: IMEKAGULIWA KWA USALAMA WAKO. Hujambo, ndugu? Utatuwia radhi kwa mwandiko.

Ulisikia juu ya mlipuko wa mwaka jana kwenye stesheni ya treni, kwenye ule mji wa mbali. Watu walikufa kweli, na juu ya hao sifanyi mzaha. Lakini tangu siku ile mtaa wetu, ambao hata mwizi wa kuku anaona uvivu kuufikia, uliamua kwamba zamu inayofuata ni yetu. Kinyozi aligeuza kiti chake ili mteja auone mlango, akawa anamnyoa mtu huku wote wawili wanatazama barabara. Masikio mawili yalichubuka wiki ya kwanza, hakuna aliyelalamika.

Ndipo ikaja Sheria ya Utulivu. Ni sheria nzuri, fupi. Askari wakikushuku wanakuchukua, wakiridhika wanakurudisha, na hapo katikati hawamsumbui hakimu. Wanaingia nyumbani bila hati. Wanafungua barua. Iliitishwa mikutano ya kukusanya maoni, na wa kwetu ulifanyika kwenye ukumbi wa mtaa. Mimi, hakimu mstaafu, nikaombwa kuisemea. Nilisema vizuri. Nilisema nyumba yangu haina cha kuficha, waingie hata sasa hivi, wataona meno yangu kwenye glasi. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Maneno yale sasa yamechapwa kwenye karatasi ya kubandika mlangoni: NYUMBA HII HAINA CHA KUFICHA. Kila mlango unayo. Asiyebandika anatembelewa kuulizwa gundi imemwishia lini.

Basi, baada yangu alisimama Mkutubi wa maktaba ya watoto, akapinga. Alikuwa bado anasema, kitu kikaanza kulia chini ya viti vya mbele, mlio kama wa lori linalorudi nyuma. Mtu mmoja akapiga kelele, "Bomu!" Mlango wa ukumbi ule unaujua, unafunguka upande mmoja tu. Hapo ndipo Mshonaji alipovunjika mkono. Wataalamu walikuja wakakuta mfuko chini ya viti, wakaubeba mpaka uwanjani, wakaulipua wenyewe. Ndani wakakuta mabaki ya saa, nyaya, betri, na unga mweupe wa aina isiyojulikana. Kura ilipigwa papo hapo uwanjani, watu wengine wakiwa pekupeku. Mikono yote ilikuwa juu. Wa Mkutubi ulikuwa juu pia, lakini wanasema alikuwa anaonyesha kiatu chake kilikoangukia.

Kesho yake Inspekta alitandaza vile vipande juu ya meza nje kwa Kinyozi, akauliza kama kuna anayevitambua. Mwanao akapenya katikati ya watu. "Solda hii ya kuungia nyaya ni yangu," akasema, vile vile kama mtu anayeona kanzu aliyoishona mwenyewe imevaliwa na mwingine. Alidhani anawatoa watu wasiwasi. Inspekta akauliza, "Ulimtengenezea nani?" Nasikia alitazama huku na huku. Mimi sikuona vizuri, nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Nilipoinuka walikuwa wameshampakia.

Usilie. Simu usipige, siku hizi kuna mtu anakohoa ndani yake.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Umenikataza kulia, nimetii. Badala yake nimeipiga teke mashine ya kufulia, ile kubwa, na msimamizi amenikata nusu siku. Naomba umwambie Ndugu Mfunguaji aliandike na hilo, pengine ni hujuma.

Mimi mzima. Hospitali haijaishiwa mashuka machafu. Na huku nako wametuletea usalama, usidhani mnao peke yenu. Tunapekuliwa mifuko tukitoka, sisi wa kufua. Madaktari hawapekuliwi. Waliuliza maoni ya wafanyakazi wote, na wote walikubali, na hata sisi wa kufua tulikubali, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamfikiria mwenzake.

Sasa nieleze kama anavyoelezwa mjinga, maana Hakimu wa ukoo ni wewe. Mwanangu ameshikwa kwa kosa gani? Nani yule mpumbavu aliyepiga kelele? Kitu kinalia, mtu mzima badala ya kuinama atazame anaita bomu! Huyo ndiye angewekwa ndani.

Na kingine. Yule mtoto namjua. Tangu anafungua redio ya marehemu baba yake, hajawahi kutengeneza kitu hivi hivi kwa kujifurahisha. Lazima aombwe. Kwa hiyo kuna mtu alimwomba saa yenye king'ora. Huyo mtu yuko wapi? Kwa nini hajitokezi aseme, jamani, ni changu, nilikisahau? Ni maneno mangapi hayo?

Wewe ndiye uliyemlea tangu nimeondoka. Nenda ukamtoe. Vaa lile koti la mahakamani.

Dawa unakunywa kwa saa zake?

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba sana. Hapa mvua zimeanza na choo cha nje kimezibuka chenyewe, kwa hiyo serikali inasifiwa. Mshonaji ametolewa plasta lakini vidole havishiki sindano, sasa anashonesha kwa mtu mwingine na kumkaripia. Barua yako ilifika na tepe mbili. Ndugu Mfunguaji lazima aliifungua, akaifunga, kisha akataka kujua zaidi juu ya ile mashine.

Nilivaa koti. Limekuwa kubwa, nimebaki mimi na mabega yake. Inspekta alinipokea kwa heshima, akaniletea kiti chenye mto. Kijana yule aliwahi kusimama mbele yangu kama shahidi, nikamrudisha akaandike upya maelezo kwa sababu yalikuwa na "inasemekana" nyingi mno. Nikamuuliza, "Mpwa wangu ana kosa gani?"

"Hana kosa, Mheshimiwa. Angekuwa na kosa tungempeleka mahakamani."

"Basi kama hana, mwachie."

"Mheshimiwa, nikimwachia nitawaambia nini wananchi? Tangu tumkamate wanalala vizuri. Hata mimi nalala."

"Na akikaa humo miaka?"

"Atakuwa salama. Nje kuna hatari sana siku hizi." Kisha akainama kidogo, akasema kama anayetania, "Lakini si wewe mwenyewe uliyetufundisha, Mheshimiwa? Hotuba yako ya ukumbini tunayo kwenye kanda. Kila askari mpya anasikilizishwa. Huwa tunaizima baada ya makofi, kule mwisho kuna fujo tu."

Nikamshukuru kwa mto.

Niliporudi nilipitia kwa Kinyozi. Nilitaka watu wa mtaa twende pamoja, kumi au ishirini, tukasimame pale. Kinyozi akasimamisha mkasi. "Hakimu, Injinia ni mdogo wangu kabisa. Hii feni ameitengeneza yeye, na hela hakutaka. Lakini hawawezi kumshika mtu bure."

"Wewe hawakukushika bure mwaka ule, ukakaa wiki nzima kwa kosa la jina kufanana?"

"Wale walikuwa wale. Hawa ni wengine."

"Ni haohao, wamebadilisha kofia tu."

"Basi hizi kofia nzuri," akasema, na mteja kwenye kiti akatikisa kichwa kukubali, akakatwa.

Na hata wangetaka, ishirini ni mkusanyiko, unaombewa kibali. Mama mkwe wake Kinyozi alipofariki waliulizwa mkusanyiko una madhumuni gani na unategemea kumalizika lini. Kinyozi akajibu, kwa marehemu umeshamalizika. Wakamcheleweshea siku tatu kwa utani. Hakulalamika. Alisema ni vizuri kuona watu wanakuwa makini.

Unauliza ile saa alimtengenezea nani. Inspekta naye anauliza hivyo hivyo, na sipendi kuona mdogo wangu anafanana na Inspekta. Unauliza ni nani aliyepiga kelele. Ukumbi ulikuwa umejaa, mdogo wangu, na sikio langu unalijua.

Dawa nakunywa nikikumbuka.

Kaka yako


20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimepokea. Nashukuru kwa habari za choo.

Mimi nafanya kazi ya kufua, na kufua kuna kitu kimoja kinafundisha. Shuka likiletwa limekunjwa vizuri sana, kona kwa kona, ujue katikati kuna kitu mtu hakutaka kionekane. Ukilikung'uta kinaanguka. Barua yako ya kwanza ilikuwa imekunjwa vizuri sana. Nimeikung'uta mara nyingi, kwenye basi, kwenye mapumziko, hata nikiwa nasubiri mashine izunguke.

Imeanguka kamba ya kiatu.

Kamba gani, Kaka? Mgongo ulipokuharibikia nilikutumia viatu vya kutumbukiza mguu, jozi mbili, vyeusi na vya kahawia, na ukaniandikia kwamba vile vingine vyote umempa mlinzi wa maktaba. Nilifurahi sana barua ile. Ulisema sasa unavaa viatu kama mfalme, bila kuinama.

Sitauliza zaidi. Kuna swali ninalo na silileti. Nataka nione kama litakuja lenyewe kutoka upande wako. Nitakuuliza lile la kila siku tu, kama mdogo anavyomuuliza kaka yake mgonjwa: vidonge vyako unavikumbukaje siku hizi? Nani anakukumbusha? Zamani nilimpigia mwanangu simu nikamuuliza, akacheka, akasema, "Mama usijali, Mjomba nimempa mbuzi wa kumwamsha, akilia mtaa mzima unameza dawa."

Ndugu Mfunguaji, na wewe msalimie mama yako.

Mdogo wako


15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nililazwa. Moyo ulisimama kidogo kufikiria, kisha ukaendelea. Daktari aliuliza kwa nini sinywi dawa kwa wakati. Nikamwambia ni uzee. Akaandika "uzee". Ni vizuri siku hizi, chochote ukisema kinaandikwa.

Mshonaji ananiletea uji. Anapanda ngazi akilalamika, anashuka akilalamika, na katikati ananilisha. Juzi akasema, "Yule mwanao wa kulea ndiye aliyenivunja mkono, na bado nakupikia. Nikifa nitakwenda moja kwa moja." Nikamwambia si yeye. Akasema, "Basi nani?" Nikameza uji.

Nilipata ruhusa ya kumwona. Ni jengo lile la zamani la posta, walilipaka rangi ya maziwa. Unakaa upande huu wa wavu, yeye upande ule, na askari anakaa ubavuni akiwa na daftari na peremende mdomoni. Amepungua. Wamemnyoa vibaya kuliko Kinyozi. Mikono ameiweka juu ya meza kama mtu anayesubiri kupewa kitu cha kutengeneza, na kweli nilimwona anaitazama taa ya dari, ilikuwa inapepesa.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu. Yeye akanitangulia.

"Shikamoo Mjomba. Dawa unakunywa?"

Nikasema nakunywa.

"Unakumbukaje?"

Askari akaacha kumung'unya. Mwanao akaona, akacheka haraka haraka. "Nauliza tu. Mjomba wangu msahaulifu sana, afande, akienda dukani anarudi na mkoba wa mtu."

"Mimi nimekuja kusema jambo," nikaanza.

"Usiseme sana, Mjomba, una moyo." Akasogea kwenye wavu. "Humu ndani hakuna dawa za moyo. Kuna mzee mmoja alikuwa nazo, wakampokonya wazichunguze. Wiki iliyopita tumemzika. Wewe nenda nyumbani. Mimi nina miaka thelathini, nina muda."

Alisema hivyo, mdogo wangu, "nina muda", kama mtu anayempisha mwingine kwenye foleni ya benki. Muda ukaisha. Nikaondoka. Maneno yangu niliondoka nayo, yote, hayakupungua hata moja.

Mlangoni kuna karatasi ile imebandikwa: NYUMBA HII HAINA CHA KUFICHA. Wamebandika kwenye gereza.

Nimesoma habari zako za kamba. Nimechoka, nitajibu.

Kaka yako


8 Julai

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa kulazwa. Mshonaji nimemtumia kitambaa, mwambie ni cha rangi asiyoipenda ili apate cha kusema.

Niliomba kuja. Ubalozi wamenijibu kwamba mama wa mtu anayeshikiliwa kwa usalama hawezi kuingia mpaka mtu huyo athibitike kuwa hana hatia, na kwa kuwa hajashtakiwa, hakuna hatia ya kuithibitisha. Niliisoma mara tatu. Kisha nikamsomea mwenzangu wa mashine ya pili. Akasema, "Lakini angalau wanajali usalama." Nikamwangalia. Ni mtu mzuri, ana watoto wanne, anaogopa mabasi.

Baba alipofariki wewe ulikuwa unasoma sheria na mimi nilikuwa sijaota meno ya mbele. Ukauza vitabu ukaninunulia viatu. Sijasahau. Ndiyo maana nilikupa mwanangu. Na ndiyo maana nimekaa kimya mpaka leo, kwa sababu ningeweza kuandika barua moja kwa Inspekta, mistari miwili tu, nikaeleza nani ana mbuzi wa kumwamsha. Kila nikishika kalamu namwona mwanangu ananikataza. Amechagua wewe uwe nje. Basi na wewe chagua.

Nakungoja. Siongezi neno.

Mdogo wako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na ahsante kwa kunisalimu hata sasa. Kitambaa kimefika, Mshonaji amekichukia kabisa, anajishonea gauni. Daktari amekuja nyumbani, na daktari anayekuja nyumbani bila kuitwa hana habari njema. Alinishika mkono muda mrefu kuliko mapigo yanavyohitaji. Kwa hiyo tusipotezeane muda.

Ndugu Mfunguaji, leo nakuomba ukae vizuri. Miezi yote hii nimekuwa nakudhihaki. Leo ndiyo mara ya kwanza nafurahi kwamba utaisoma barua hii kabla ya mdogo wangu, na kwamba ukishaisoma utakimbia nayo kwa mkubwa wako. Kimbia.

Mfuko ulikuwa wangu. Hilo unalijua, mdogo wangu, umelijua tangu ile kamba. Mpwa wangu aliniona sisikii saa ya kawaida kwa sikio hili, akachukua saa ya mezani, betri, na king'ora cha lori bovu, akaniunganishia. Nilikuwa naibeba kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na vidonge vyangu. Unga mweupe wa aina isiyojulikana ni dawa yangu ya presha, waliisaga wenyewe walipoulipua mfuko. Wataalamu wamekaa nayo nusu mwaka. Kama kuna aliyeionja, shinikizo lake liko sawa.

Siku ile mbele ya kinyozi mwanao hakutazama huku na huku. Alinitazama mimi. Alisubiri. Nikainama juu ya viatu visivyo na kamba na mgongo ukaniuma kweli, nikajiambia hayo maumivu yatosha.

Nilipopokea barua yako ya mwisho, nilikwenda. Nilikwenda kwa Inspekta nikamwambia yote haya: mfuko, saa, vidonge. Unajua alifanya nini? Alinihurumia. Akaagiza chai. "Mheshimiwa," akasema, "uchungu wa mpwa ni mbaya. Lakini fikiria. Wewe unataka tuwaambie wananchi kwamba Sheria ya Utulivu waliipitisha kwa sababu ya vidonge vya mzee? Mikono yote ile iliyoinuka? Watajisikiaje?"

"Watajisikia wajinga. Siyo vibaya, kidogo."

"Na mtu akisahau mfuko, ni kosa? Hakuna kosa. Nikufungulie jalada gani? Mimi nahitaji mhalifu, Mheshimiwa. Msahaulifu hanisaidii kitu."

Akanirudisha nyumbani kwa gari lao. Kinyozi aliponiona nashuka akanipigia saluti.

Nimelala hapa siku nyingi namfikiria Inspekta, na lazima nikiri kwamba ana akili. Niliketi mahakamani miaka mingi, naona nilichoshindwa kukiona siku ile. Anahitaji mhalifu. Ninaye.

Mdogo wangu, rudi kwenye barua yangu ya kwanza, pale niliposema Mkutubi alikuwa bado anasema. Sikukuambia alikuwa anasema nini. Alikuwa amesimama na mkoba wake mdogo mbele ya tumbo, sauti haifiki hata nyuma, akaniuliza, "Mheshimiwa, wewe umetuambia nyumba yako haina cha kuficha. Sawa. Na siku watakapomchukua mtu wa nyumbani kwako, na hakimu hayupo kwa sababu umetuomba tumwondoe, utamwendea nani?" Kisha akaongeza, kwa upole tu, "Au utatuonyesha tena yale meno kwenye glasi?"

Ukumbi ulicheka. Hukuwahi kusikia kicheko kile. Walewale waliopiga makofi. Kinyozi alikuwa anajipiga mapaja. Mshonaji alikuwa anafuta machozi kwa mkono ambao baadaye ulivunjika. Hofu ilikuwa imewatoka usoni kabisa, walikuwa watu wa mtaa wetu tena, na sheria ilikuwa imekufa, niliiona inakufa. Walikuwa wananigeukia wanangoja jibu. Miaka arobaini ya sheria, nikakosa jibu la mwanamke anayepanga vitabu vya picha.

Ndipo saa ikalia.

Sheria ya Utulivu ina kifungu cha kumi na moja, nadhani ni mimi peke yangu niliyewahi kukisoma. Mtu yeyote aliyezusha au atakayezusha hofu ya mlipuko mbele ya mkusanyiko, akijua kwamba hakuna mlipuko, ana hatia, na atashikiliwa yeye badala ya yeyote aliyeshukiwa kwa tukio hilo. Badala ya yeyote. Ni kifungu kizuri sana, kinamfaa mpwa wangu kama kiatu cha kutumbukiza mguu. Ushahidi mnao, Ndugu Mfunguaji. Mwambie Inspekta safari hii kanda asiizime baada ya makofi. Aiache iende, apite kicheko, apite mlio, kisha asikilize sauti ya yule mtu. Hatahangaika kuitambua, ni ile ile aliyoichapa kwenye milango yote ya mtaa.

Mdogo wangu, uliuliza ni mpumbavu gani. King'ora kilikuwa chini ya kiti changu, kilikuwa kinanitetemesha miguuni, na niliujua mlio wake kama ninavyoijua sauti yako. Nilijua ni saa ya vidonge. Niliwatazama wanavyocheka, nikasimama, nikapiga kelele, "Bomu!"